Tarehe ya Kurudi

Sogeza kigoda, mjukuu wangu, ukae upande huu wa ukuta. Upepo wa Singida jioni hauna adabu, utakujaza vumbi machoni kabla hatujaanza mazungumzo.

Nimekusikiliza mpaka mwisho bila kukukatiza, maana daktari aliyechoka asipopata wa kumsikiliza humalizia hasira kwa wagonjwa. Unasema umewaambia waache sigara mpaka sauti imekukauka, wanaitikia "ndiyo daktari", na wakivuka geti tu wanawasha. Sawa. Sasa nami nikuulize jambo moja. Yule dereva wa lori uliyemwona leo asubuhi, mwenye kifua kinachopiga filimbi, ulimpa tarehe gani ya kurudi?

Umenyamaza. Nilijua.

Mgonjwa wa presha unamwandikia tarehe. Wa kisukari unamwandikia, tena unamgombeza asipokuja. Mvutaji unampa amri, kisha unamwita anayefuata. "Acha sigara" haina dozi, haina siku ngapi, haina rudi lini. Ungeandika cheti cha dawa namna hiyo mfamasia angekurudishia akidhani umelewa.

Sikulaumu sana. Mimi nilitoka chuo cha matabibu miaka ya sabini, na tulifundishwa pafu la mvutaji mpaka rangi yake. Tulijua lami inakaa wapi, tulijua majina ya saratani. Maneno ya kumwambia mtu aliyekaa mbele yako na pakiti mfukoni hatukufundishwa hata siku moja. Kila mwalimu alidhani hilo linajulikana lenyewe, kama kupumua. Nikaenda kazini nikiwa na elimu ya maiti ya mvutaji, na wavutaji hai wakanishinda miaka yote.

Tena nikuambie lililo baya zaidi, bibi yako asisikie nikilirudia. Mimi mwenyewe nilikuwa navuta. Nilikuwa natoka kwa mlango wa nyuma wa zahanati, napiga fegi mbili, nanawa mikono, narudi kumwambia mzee wa watu aache. Ananukia tumbaku, nami nanukia tumbaku na sabuni. Alikuwa ananitazama kwa huruma.

Aliyeniachisha ni muuguzi mmoja mtu mzima, marehemu sasa. Hakuwahi kuniambia niache. Kila Jumatatu asubuhi alikuwa akiniuliza, "Tabibu, jana ngapi?" Nataja idadi, naye anaiandika nyuma ya kalenda ya ukutani, basi. Wiki ya kwanza kumi na nane. Wiki ya nne kumi na moja, kwa sababu niliona aibu kumtajia namba ileile kila wiki. Nikaacha, nikarudia kwenye msiba wa kaka yangu. Nilidhani atanicheka. Akauliza tu, "Jana ngapi?" kana kwamba hakuna kilichoharibika. Nikaacha tena, nikarudia tena, na mara ya tatu ikashika. Yule mama hakuwa na cheti chochote cha kutibu uraibu, lakini dawa yake ilikuwa na tarehe ya kurudi, nayo ni kila Jumatatu.

Wewe ni msomi, hutaki hadithi za kalenda, unataka takwimu. Haya. Mwaka 1979 daktari mmoja wa London, Michael Russell, alichapisha matokeo ya jaribio alilofanya na wenzake katika kliniki za kawaida, kwa wavutaji 2,138. Kundi moja waliachwa wavute zao. Kundi jingine daktari aliwashauri waache kwa dakika moja au mbili, akawapa karatasi ya maelezo, akawaambia kwamba watafuatiliwa. Baada ya mwaka, walioacha katika kundi la kwanza walikuwa asilimia 0.3. Katika hilo jingine walikuwa asilimia 5.1. Najua unachotaka kusema: tano katika mia, ni kitu gani? Lakini hesabu kwa vidole vyako mwenyewe. Dakika mbili, karatasi moja, na mtu kujua kwamba ataulizwa. Ni kidonge gani kwenye kabati lako kinachookoa watano katika mia kwa bei hiyo? Na waliopewa ushauri bila karatasi wala ahadi ya kufuatiliwa waliishia asilimia 3.3. Tofauti hiyo ndogo hapo katikati ndiyo ninayokusemesha jioni nzima.

Kwa hiyo unaanzaje? Unaanza kwa kuuliza, na hapa Singida ukiuliza vibaya utadanganywa na watu wakweli. Ukimuuliza mama wa Kinyaturu wa miaka sitini, "Mama, unavuta sigara?" atakujibu hapana, na hajasema uongo. Ugoro uko kwenye kichupa ndani ya pindo la kanga, umesagwa na magadi, anaunusa tangu hujazaliwa. Kijana wa bodaboda atasema havuti, na kuberi imekaa chini ya mdomo wake wakati anakujibu. Uliza, "Unatumia tumbaku ya aina yoyote? Ya kuvuta, ya kunusa, ya kutafuna?" Kisha uliza anaanza saa ngapi. Anayewasha kabla hata hajanawa uso amefungwa kamba ngumu kuliko anayevuta mbili akiwa kilabuni, na huwezi kuwatibu sawa.

Halafu muulize kama anataka kuacha, na jibu lolote ulipokee. Akisema hataki, usimhubirie. Mwambie, "Nitakuuliza tena ukija," na ukumbuke kumuuliza. Akisema anataka, mpange siku. Siku yenye jina, asiseme "karibuni".

Na umwandae kwa arosto. Usitumie maneno makubwa ya vitabuni, neno hilo kila kijana wa stendi ya Misuna analijua. Mwambie wiki ya kwanza atakuwa mkali kama nyuki wa Itigi, usingizi utaruka, atakula kuliko kawaida, atagombana na mkewe kwa jambo la chumvi. Mwite na mkewe umweleze, la sivyo yeye mwenyewe atampelekea kiberiti ili nyumba ipate amani. Nimeliona hilo kwa macho yangu. Mweleze kwamba kiu ikipanda inapanda kwa dakika chache kisha inashuka, na hizo dakika anywe maji, atafune karanga, atembee. Baada ya wiki tatu au nne makali yanakuwa yamepungua sana. Mtu asipoambiwa haya, siku ya tatu anaamini kuacha sigara ndiko kunakomuua, na anarudia akiwa na ushahidi.

Kwa hiyo mtu huyo anatakiwa akuone ndani ya wiki hiyo ya kwanza, baada ya mwezi atakuwa ameshakupotea. Hata simu inatosha.

Una nafasi ambazo huzioni. Waislamu ni wengi hapa kwetu. Ramadhani mvutaji wa pakiti nzima anakaa tangu alfajiri mpaka magharibi bila kugusa, mwezi mzima, halafu Shawwali anakuja kukuambia hawezi kukaa saa mbili. Mwulize wiki mbili kabla ya mfungo. Anza naye mwezi huo, naye ndiye atakayekuwa amefanya kazi kubwa. Usisahau futari, maana wapo wanaofungulia kwa sigara kabla ya tende. Kwa Wakristo iko Kwaresima. Usidharau, wewe na kompyuta yako.

Nafasi nyingine ni kifua kikuu. Wachimbaji wa kule Iramba, kwenye dhahabu ya Sekenke iliyochimbwa tangu enzi za Mjerumani, wanakula vumbi la mawe mchana na moshi usiku. Mvutaji yuko katika hatari kubwa zaidi ya kupata kifua kikuu, na akikipata anakufa kirahisi zaidi. Sasa mgonjwa huyo anakuja kuchukua dawa kwa miezi sita. Tarehe za kurudi zimeshaandikwa kwenye kadi yake, serikali imekuandikia! Kinachokosekana ni wewe kumuuliza "jana ngapi" anapomeza vidonge.

Ukipangiwa Manyoni au Itigi, nenda taratibu zaidi. Utakutana na mkulima ambaye ada ya mtoto wake imetoka kwenye bani la kukaushia tumbaku. Ukianza kwa kumtukania zao lake utakuwa umemtukana mtoto. Anzia penye maumivu yake. Mwulize kama huwa anatapika na kusikia kizunguzungu siku anazovuna majani yenye umande. Atashangaa umejuaje. Mwambie ni nikotini imepita kwenye ngozi, avae mikono mirefu, avune umande ukishakauka. Akishakuamini kwa mikono yake atakusikiliza kwa mapafu.

Wazee wenzangu ndio watakaokuchosha. Watakuambia, "Mwanangu, nimeshakula chumvi nyingi, niache nife na kiko changu." Nami niliwaacha wengi wafe navyo, nikiona ndiyo heshima. Huko Uingereza mwaka 1951 Richard Doll na Austin Bradford Hill walianza kuwaandikia madaktari kuwauliza kama wanavuta, na madaktari hao wakafuatiliwa kwa miaka 50. Ripoti ya 2004 ilionyesha wavutaji walikufa miaka kama 10 mapema kuliko wasiovuta. Aliyeacha akiwa na miaka 40 alirudishiwa kama 9, wa 50 kama 6, wa 60 kama 3. Wa 60, umesikia? Mzee wa Ikungi hahitaji umtajie asilimia. Mwambie ni misimu mitatu ya alizeti. Anaijua misimu mitatu ina nini ndani yake, harusi ngapi, wajukuu wangapi.

Tena waliohojiwa walikuwa madaktari, na kadiri habari zilivyowafikia wengi wao waliacha. Sikuulizi una nini kwenye mfuko wa koti. Nimesema tu.

Dawa? Ndiyo, zipo. Ubani wa kutafuna na plasta zenye nikotini ziliingia kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2009, vareniklini na bupropioni zikaongezwa 2021. Mwaka 2024 shirika hilohilo likatoa mwongozo wake wa kwanza wa tiba kwa watu wazima wanaotaka kuacha tumbaku. Tanzania iliridhia Mkataba wa Udhibiti wa Tumbaku mwaka 2007, na kifungu chake cha 14 kinazungumzia hasa kuwasaidia watu kuacha. Karatasi hatuna upungufu nazo. Katika miaka yangu yote kwenye zahanati sikuwahi kuona plasta moja ya nikotini kabatini, na nimelisema kwenye vikao mpaka nikaitwa mzee wa plasta. Ukizipata, zitumie. Usipozipata, usifanye ukosefu wake kuwa sababu ya kufunga mdomo.

Na usiniambie watu wetu hawawezi kujifunza kazi ya namna hii. Mwaka 2007 Rais Kikwete alipopima VVU hadharani na kuzindua kampeni ya taifa, sisi matabibu wa vijijini tulikuwa hatujui kumuuliza mtu mzima habari za kitanda chake. Tulitetemeka. Tukafundishwa ushauri nasaha, tukaigizana, mmoja mgonjwa mmoja mshauri, tukachekana, tukarudia. Leo muuguzi wa miaka ishirini na tano anauliza kondomu bila kupepesa macho. Mwaka 2011 Muhimbili wakaanza kuwapa methadoni waraibu wa heroini, watu tuliokuwa tukiwaita mateja na kuwakimbia. Nchi iliyoweza hayo inashindwaje na fegi? Uchunguzi wa kitaifa wa 2018 ulikuta watu wazima milioni 2.6 wanatumia tumbaku, asilimia 14.6 ya wanaume na 3.2 ya wanawake. Hao wote wanapita mbele yenu, kwa malaria, kwa meno, kwa kuleta mtoto kliniki.

Kwa hiyo msisubiri semina ya hotelini yenye posho. Chukueni saa moja, asubuhi moja ya wiki, kabla ya kufungua dirisha la dawa. Mmoja awe dereva mkaidi, mmoja awe daktari, wengine watazame. Mpeni dereva ruhusa ya kuwa mkorofi kabisa. Nami nitakuja, miguu ikiniruhusu. Nitakaa kwenye benchi niwe yule mzee wa kiko, na ninaapa hakuna atakayenishinda siku ya kwanza.

Kesho tafuta namba ya yule dereva, iko kwenye faili lake. Umesema anapeleka mzigo Kigali. Basi atarudi kwa barabara hiihii, akiwa na gari tupu na muda kidogo. Usimwambie kitu kuhusu sigara kwenye simu, muulize tu kifua kinaendeleaje na siku gani atapita hapa. Akikutajia siku, iandike, na wewe uwepo kazini siku hiyo.

Haya, ingia ndani umsalimie bibi yako. Uji wa ulezi alikuwekea tangu alasiri, sasa umekuwa ugali.