Je, Vita ni Shauri la Wanaume Peke Yao?

Liko neno lisemwalo mara nyingi hata watu hawalichunguzi tena: ya kwamba vita ni shauri la wanaume, na wanawake wakae jikoni wangoje habari. Neno hili lasemwa barazani na wazee wenye heshima, na pengine lasemwa na wanawake wenyewe. Sisi tulio walimu twaona yafaa tulipime, maana watoto walio mbele yetu, wavulana kwa wasichana, husoma habari za vita katika vitabu vya historia, na kama tunavyowaeleza leo ndivyo watakavyoamua mambo watakapokuwa wazima. Basi na tuulize: shauri la vita ni la nani? Twaona haki ni hii, kwamba shauri ni la yule atakayelipa gharama yake. Mtu hawezi kuuza ng'ombe wa mwenziwe pasipo kumwuliza. Basi na tutazame katika nchi yetu ni nani aliyelipa.

Kwanza, Vita vya Maji Maji, vya 1905 hata 1907. Watu wa kusini walichoshwa na kodi na kulimishwa pamba kwa nguvu, wakainuka juu ya serikali ya Kijerumani. Serikali ilipoona kwamba wapiganaji huingia porini na kutoweka, ilichagua silaha nyingine, nayo ni njaa. Vijiji vilichomwa, mashamba yakaharibiwa, nafaka ikachukuliwa au ikateketezwa. Serikali yenyewe ilihesabu watu 75,000 waliokufa. Wanahistoria waliofuata wamekadiria 250,000 hata 300,000, na walio wengi hawakufa kwa risasi. Huku Binza twajua kihenge ni kitu gani. Ni nani aliyepalilia, akavuna, akapura, akabeba kichwani hata mtama ukaingia kihengeni? Ni nani aanikaye michembe ili watoto wapate kula miezi ya kiangazi? Basi achomaye kihenge hapigani na shujaa mwenye mkuki. Apigana na mama na mtoto wake.

Pili, Vita Kuu ya 1914 hata 1918. Mataifa ya Ulaya yaligombana, nasi hatukuwa na ugomvi na lolote kati yao. Hata hivyo vita vilifika ziwani kwetu, na mji wa Mwanza ulitwaliwa na Waingereza Julai 1916. Barabara zilikuwa chache, na mbung'o waliwaua wanyama wa mizigo, ikawa mizigo ya majeshi yachukuliwe kwa vichwa vya watu. Wapagazi walioandikwa upande wa Waingereza hukadiriwa kuwa karibu milioni moja, na waliohesabiwa kufa walizidi 95,000, wengi wao kwa maradhi na njaa. Jina la Kariakoo, mtaa wa Dar es Salaam, latokana na kikosi hicho cha wapagazi. Basi kila mpagazi aliyetwaliwa aliacha jembe nyumbani, wala jembe hilo halikuruhusiwa kulala. Lilishikwa na mkewe au mama yake, juu ya lile lake mwenyewe. Na pale ambapo majeshi yalichukua watu, nafaka na ng'ombe kwa pamoja, jembe halikufaa kitu. Wagogo wanaikumbuka njaa ya 1917 hata 1920 kwa jina la Mtunya. Yakadiriwa kwamba ilikula watu 30,000, yaani kama mtu mmoja katika kila watano.

Wala wanawake hawakubaki nyumbani wote. Askari wa Wajerumani walifuatwa na wake zao na watoto wao katika safari ile ndefu, wanawake wakichukua vyombo, wakitafuta kuni na maji, wakipika, wengine wakijifungua njiani. Jeshi hilo liliposalimisha silaha huko Abercorn, ambako leo huitwa Mbala, tarehe 25 Novemba 1918, walikuwamo wanawake mia kadhaa. Pasipo wao askari wale wasingalikula. Lakini mtu aendaye Dar es Salaam ataona sanamu ya askari iliyosimamishwa 1927, mwenye bunduki na singe. Maandishi yake yawakumbuka askari, yawakumbuka na wapagazi, tena yaahidi kwamba afaye kwa nchi yake wanawe watalikumbuka jina lake. Aliyewazaa wana hao na kuwalea hatajwi. Hatusemi sanamu ivunjwe. Twasema hesabu iliyoandikwa pale haijatimia.

Sasa mtu aweza kusema, wanawake walilipa kwa kuwa hawakusema neno. Sivyo. Mwaka 1913 katika nchi ya Wagiriama, nyuma ya Malindi, mama mmoja mjane aliyeitwa Mekatilili wa Menza alizunguka vijijini akiwaambia watu wasiwatoe vijana wao kwenda kufanya kazi za Waingereza. Yasimuliwa kwamba mbele ya mtawala alileta kuku na vifaranga vyake, akamwambia ajaribu kutwaa kimoja. Alipojaribu, kuku alimdonoa mkono. Aliwekwa kizuizini, akapelekwa mbali hata Kisii, akatoroka, akarudi kwao kwa miguu. Mwanamke huyu hakuwa na cheo wala bunduki. Aliuliza swali moja tu: mtoto huyu ni wa nani, hata mumtwae?

Na huko Ulaya vilevile. Mwishoni mwa Aprili 1915, vita vikiwa vimepamba moto, wanawake zaidi ya 1,100 wa nchi 12 walikutana The Hague, katika Uholanzi, chini ya Jane Addams wa Marekani. Waingereza wengi waliotaka kwenda walizuiwa wasivuke bahari. Waliofika walitaka mataifa yasiyopigana yapatanishe yale yapiganayo, na wanawake wapewe kura katika nchi zao. Tendo lao lilikuwa la ushujaa. Lakini nchi zote 12 zilikuwa za Ulaya na Amerika. Mwanamke wa Kiafrika, ambaye vita hivyohivyo vilikuwa vikimwondolea mume na akiba, hakuwa na kiti pale. Hapa twaona kwamba hata wateteao haki waweza kumsahau aliye mbali.

Nasi twadhani sababu ya kusahau huko ni moja na sababu ya vita vyenyewe. Mwenye kutaka kutawala nchi ya wengine husema, "Watu hawa ni kama watoto, sisi twajua yawafaayo." Mwenye kutaka kuamua peke yake nyumbani husema maneno hayohayo juu ya mkewe. Mtu aliyezoea neno hili nyumbani hataona ajabu akilisikia kutoka kwa taifa lenye mizinga. Kwa hiyo hatuwezi kulaumu utawala wa nguvu ulioletwa na merikebu, huku tukiulea mdogo wake katika mji wetu wenyewe.

Yako maneno mawili ya kupinga, nayo yastahili jibu. La kwanza: je, wanawake hawapigi vigelegele askari aendapo, na kumcheka aogopaye? Ni kweli. Tena katika Maji Maji yuko Nkomanile wa Ungoni, mwanamke aliyekuwa kiongozi, akanyongwa Songea mwaka 1906 pamoja na wanaume. Kwa hiyo hatusemi kwamba mwanamke ameumbwa mpole na mwanamume mkali. Kusema hivyo ni kumrudisha mwanamke jikoni kwa njia ya sifa. Tusemalo ni kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ajuaye idadi ya vibaba vilivyobaki kihengeni aijua sehemu ya vita ambayo jemadari haijui, na baraza lisilomsikia laamua gizani.

La pili ni zito zaidi: je, adui akivamia tufanyeje? Mwishoni mwa 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, yakaua na kupora, na Tanzania ikapigana hata Kampala ikaanguka Aprili 1979. Hatuthubutu kuwaambia watu wa Kagera kwamba ilifaa wakunje mikono. Lakini hata vita vya kujilinda vina gharama, na aliye na haki ya kujilinda hana ruhusa ya kuficha hesabu. Majeruhi aliyerudi aliuguzwa na nani? Shamba la aliyekufa lililimwa na nani? Taifa likiyauliza haya kabla ya kupiga ngoma ya vita, halitakuwa dhaifu. Litakuwa zito kuanza, na uzito huo ni hekima.

Mnamo Oktoba 2000 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio la 1325, kwamba wanawake washirikishwe katika kuzuia vita na kupatanisha. Ni neno jema, ila karatasi haijengi desturi. Desturi hujengwa barazani, nyumbani na shuleni. Sisi walimu, tunapofundisha vita, na tusiishie kwenye majina ya majemadari na tarehe za mapigano. Tuwaulize watoto: mwaka ule watu walikula nini, na ni nani aliyekitafuta? Tuwatume kwa bibi zao wakawaulize waliyosikia kwa mama zao juu ya njaa na safari za mizigo, kabla vinywa hivyo havijafumba. Mvulana aliyejifunza kuuliza hivyo hatapelekwa kwa ngoma tu, na msichana aliyejifunza kujibu hataambiwa kwamba shauri si lake. Vita havina macho, wasema wahenga. Yatupasa basi sisi wenye macho tuhesabu mapema, wanaume na wanawake, wala asiachwe nje hata mmoja atakayelipa.