Magugu ni ya Nani?

Jumapili moja baada ya ibada nilisimama chini ya mwembe pamoja na wazee wawili wa mtaa wetu, mmoja mkulima, mwingine mfugaji. Walikuwa wakibishana juu ya malisho ya upande wa Mkata, ambayo nyasi zake zinapungua na magugu yanaongezeka. Mkulima akasema, "Ng'ombe wenu ndio walioyaleta, mzee mwenzangu." Mfugaji akajibu, "Ng'ombe wangu hawayali, wala mimi siyauzi. Niyalete kwa faida gani?" Tukacheka sote. Lakini kicheko hakikudumu, kwa maana katika wilaya hii ya Kilosa ugomvi wa malisho si mchezo. Hatujasahau Rudewa Mbuyuni, Desemba 2000, watu 38 walipouawa katika mapigano ya wafugaji na wakulima.

Tangu siku ile najiuliza: gugu ambalo hakuna aliyelipanda, lawama yake ni ya nani?

Yafaa kwanza tuelewe jinsi gugu linavyoshinda. Ng'ombe ni mchaguzi. Akiingia malishoni hutafuta nyasi tamu, na mmea mchungu huuruka. Kesho hurudi pale pale, na ile nyasi iliyoanza kuchipua huliwa tena kabla mizizi haijajipatia nguvu. Gugu aliloliruka halina tena mshindani. Linapata jua, maji na nafasi, linachanua, na mbegu zake zinaanguka juu ya udongo ambao kwato zimeuacha wazi. Basi yule mzee alisema kweli kwamba ng'ombe wake hawayali, ila hakuona kwamba huko kutokuliwa ndiko kunakoyastawisha.

Hata hivyo ng'ombe hawezi kubebeshwa mzigo wote. Lantana, ule mmea wa maua ya rangi rangi, uliletwa na watu waliopenda uzuri wake uani. Ndege wakala matunda yake na kutawanya mbegu. Na ng'ombe akiula kwa njaa, ini lake hudhurika na ngozi yake huungua juani. Gugu karoti, lililotambuliwa pande za Arusha mwaka 2010, husafiri kwa matope ya magari na kwa mbegu chafu za nafaka, na mmea mmoja waweza kutoa mbegu zaidi ya elfu kumi. Barabara kuu ya Zambia inapita katikati ya Hifadhi ya Mikumi kwa kilometa 50 hivi, malori usiku na mchana. Nani amewahi kumwita dereva mvamizi?

Nalitaja neno hilo kwa makusudi. Wataalamu husema "magugu vamizi", nasi mitaani tumelichukua neno lilo hilo tukamvika jirani. Mwaka 2009 wafugaji wengi waliondolewa wilayani kwa operesheni ya serikali, na wako waliosema nchi sasa imepaliliwa. Maneno hayo yalinitia hofu. Mahindi na muhogo vilitoka Amerika kama lantana ilivyotoka huko, wala sijamsikia mtu akiuita ugali mgeni.

Tena wenye kuleta mara nyingi huwa na nia njema. Huko Baringo, Kenya, mti uitwao mathenge ulipandwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa na kuwapa watu kuni. Ukaziba malisho. Mwaka 2006 wananchi walikwenda mahakamani na mbuzi aliyepoteza meno kwa kula maganda yake matamu, awe shahidi. Mbuzi yule hakujali nia ya mtu.

Kwa hiyo naona kuuliza ni nani aliyeleta ni jambo moja, na kuuliza ni nani atakayeondoa ni jambo jingine. Wachungaji wa Abramu na wa Lutu walipogombana, mabwana zao waliachana, huyu akaenda huku na huyu kule. Sisi tutaachania wapi? Hifadhi iko pale tangu 1964, mashamba makubwa yako, milima ya Ukaguru iko.

Dawa yenyewe wazee wanaijua. Wamaasai hutenga olopololi na Wasukuma ngitili, yaani kipande kinachofungwa wakati wa mvua ili nyasi zipumzike. Mbuzi nao hula vichaka vichanga ambavyo ng'ombe huviacha, ingawa si kila gugu lawafaa, maana mengine ni sumu kwao pia. Yaliyobaki hung'olewa kabla ya kuchanua. Na gugu karoti lisishikwe kwa mikono mitupu, kwa sababu huwasha na kutoa vipele.

Ugumu uko kwingine. Kipande kikifungwa, mwenye ng'ombe 300 atawapeleka mbali. Mama mjane mwenye mbuzi watatu atawapeleka wapi? Ardhi inapumzika kwa njaa ya nani? Kwangu mimi si haki wote wafungiwe sawasawa, wala wote watoe siku sawasawa za kung'oa. Mwenye kundi kubwa na atoe zaidi. Na mkulima asisimame pembeni mikono nyuma, kwa kuwa shamba analoliacha bila kupalilia baada ya mavuno nalo hulea mbegu.

Niliwaeleza hayo wazee wangu Jumapili iliyofuata. Mkulima akauliza, "Na nani atahesabu ng'ombe?" Mfugaji akanyamaza kitambo, akasema kuhesabu ng'ombe wa mtu si adabu. Kisha akaongeza kwamba ataleta vijana watano na majembe kabla ya mvua za vuli, mbuzi wa yule mama wapite, na mkulima aje na wangapi aseme mwenyewe. Mkulima hajajibu bado.