Kijana wa Mugeta, Keti Kwanza Uhesabu

Somo: Luka 14:28–30



Bwana alipoona umati unamfuata, hakuusifu kwa haraka yake. Aliuambia habari za mtu aliyeanza kujenga mnara pasipo kupiga hesabu. Msingi ukakamilika, fedha zikaisha, na waliopita njiani wakamcheka. Nalileta neno hilo kwenu, wazazi na vijana wa Mugeta, kwa sababu ya swali linalogawa nyumba nyingi kila matokeo ya kidato cha nne na cha sita yanapotoka. Mtoto anasema anataka kufanya biashara mtandaoni. Ana simu, ana bando, ana wateja wawili watatu wa WhatsApp. Baba anasema chuo kwanza. Mama anatazama zizi na kuhesabu ng'ombe waliobaki. Mjomba anapiga simu kutoka Mwanza kusema chuo ni kupoteza muda. Nani ana haki? Hakuna hata mmoja, mpaka wote waketi wahesabu.

Jihadharini, maana wako wahubiri wawili wa uongo wanaotaka msihesabu.

Wa kwanza anahubiri karatasi. Anasema, soma upate digrii, kazi itakufuata. Kulikuwa na wakati neno hilo lilikuwa kweli. Chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipofungua milango mwaka 1961 kilikuwa na wanafunzi 13, wote wa sheria, na nchi nzima ikiwasubiri. Leo wahitimu hutoka kwa maelfu kila mwaka, na wengine tunao humu humu kijijini, wamezunguka na bahasha ya kaki hadi imechakaa. Ada peke yake katika vyuo vikuu vya umma, kwa kozi nyingi, ni kama shilingi milioni 1 hadi milioni 1.5 kwa mwaka, kabla ya chakula, chumba na nauli. Aliyekopeshwa na Bodi ya Mikopo, akiajiriwa, hukatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2016, na aliyejiajiri naye deni linamngoja. Mzazi, ukiuza ng'ombe watano ili mwanao apate karatasi, nawe huwezi kueleza karatasi hiyo itamfanyia kazi gani, hujamsomesha. Umenunua heshima ya jirani kwa mali ya watoto.

Wa pili anahubiri simu. Huyu hupiga picha kando ya gari ambalo si lake, akasema shule ni utumwa, nitumie elfu hamsini nikuingize kwenye kundi, uingize na wenzako, pesa itakuja ukiwa umelala. Mkimbieni! Nchi hii imekwisha kulia. Wako watu wazima wanaoikumbuka DECI, watu walipopanda fedha wakiziita mbegu, na wengine wakaipokea habari hiyo kanisani. Mwaka 2009 Serikali ilipoizuia, wengi hawakuvuna kitu. Kijana, kama faida yako inatoka kwenye kiingilio cha mwenzako atakayekuja nyuma yako, hiyo si biashara. Ni wizi uliopangwa foleni.

Huyo wa pili hapendi kitu kama kutaja matajiri walioacha chuo. Basi tuwataje, tena vizuri. Bill Gates na Mark Zuckerberg waliacha Harvard, lakini kwanza walikubaliwa Harvard, na kila mmoja alitoka akiwa tayari na kazi iliyomzidi mikono. Hakuna aliyetoka ili akakae nyumbani kutafuta wazo. Jeff Bezos wa Amazon alihitimu Princeton mwaka 1986. Jack Ma wa China aliangushwa mara mbili na mtihani wa kuingia chuo, akarudi mara ya tatu, akasomea ualimu, akafundisha Kiingereza, na mwaka 1999 ndipo akaanzisha Alibaba na wenzake. Na kwetu? Said Salim Bakhresa aliacha shule akiwa na miaka 14, akaanza na biashara ndogo ndogo. Lakini nenda leo kwenye viwanda vyake uulize nani anatunza vitabu vya hesabu na nani anaendesha mitambo. Ni waliosoma. Benjamin Fernandes, Mtanzania, alitangaza televisheni tangu ujana, akasoma Marekani hadi Stanford, kisha akaanzisha NALA ya kutuma fedha kwa simu. Mnaona? Mwenyezi Mungu hakuwapitisha wote mlango mmoja. Ila hakuna kati yao aliyefika kwa kukwepa kazi.

Ndugu zangu, tena jibu la swali hili halihitaji kuagizwa ng'ambo. Lilitamkwa katika mkoa wetu huu. Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU iliketi Musoma. Wengi hukumbuka jambo moja tu la Azimio la Musoma, kwamba lilitaka kila mtoto apate elimu ya msingi. Wanasahau la pili. Azimio lilisema kijana anayemaliza kidato cha sita asiende chuo kikuu moja kwa moja. Apite Jeshi la Kujenga Taifa, aende akafanye kazi, na wale aliofanya nao kazi washuhudie bidii na mwenendo wake, ndipo mlango wa chuo ufunguliwe. Aliyeongoza kikao hicho alizaliwa Butiama mwaka 1922, akaingia shule ya Mwisenge mwaka 1934 akiwa na miaka 12, akafika Makerere na Edinburgh. Hakuna awezaye kumwambia Mwalimu kwamba alidharau vitabu. Lakini tangu alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alikuwa akionya juu ya shule inayomtoa mtoto kwa watu wake na kumfanya aione kazi ya mikono kuwa aibu. Utaratibu ule wa vyuo ulilegezwa baadaye. Hekima yake haijalegea. Fanya kazi kwanza, ndipo utajua unakwenda kusoma nini.

Basi, kijana unayetaka biashara ya mtandaoni, nakuagiza: kabla hujaamua juu ya chuo, uza. Usiseme unajiandaa. Uza, kwa msimu mzima, kitu halisi kwa mtu halisi, na kila shilingi uiandike.

Tuketi tuhesabu pamoja. Tuseme umeagiza madera 20 Kariakoo, kila moja sh. 12,000. Hiyo ni 240,000. Mzigo umekuja kwa basi, sh. 15,000. Bando la mwezi 15,000. Bodaboda wa kuwafikishia walimu na wauguzi waliotoa oda, 20,000. Jumla umetoa 290,000. Ukauza madera 17 kwa 18,000, fedha taslimu 306,000. Matatu umetoa kwa mali kauli na hayajalipwa. Jioni unawaambia wenzako umeuza laki tatu, na wanakupigia makofi. Lakini mkononi umebaki na faida ya sh. 16,000, na hapo hujatoa makato ya wakala, wala hujajilipa wewe uliyeshinda juani. Faida yako nyingine, sh. 54,000, iko kwa watu watatu ambao hawapokei simu.

Umekosa nini hapo? Hujakosa digrii. Umekosa daftari, umekosa kanuni ya kukopesha, na umekosa kujua bei inayolipa gharama. Mengi ya hayo yamo katika somo la uwekaji hesabu la sekondari, lile ulilolikimbia ukisema ni gumu. Rudi kwa mwalimu wako, kaa chini, ufundishwe. Halafu agiza tena.

Chuo kina vipawa vyake, na asiwadanganye mtu kuwa hakina. Uhasibu wa kampuni, sheria za mikataba na kodi, kuandika programu za kompyuta, lugha ya kuzungumza na mnunuzi wa nchi nyingine, marafiki watakaokuwa washirika wako miaka ishirini baadaye: hayo si rahisi kuyapata peke yako ukiwa na simu moja na bando la usiku. Lakini yako mambo ambayo hakuna mhadhiri atakayekupa. Hakufundishi kuamka. Hakupi uaminifu wa kurudisha fedha ya mteja aliyepokea dera lililochanika. Tazameni Jumia, kampuni ya biashara ya mtandaoni. Ilianza Lagos mwaka 2012, na Aprili 2019 hisa zake zilikuwa zinauzwa New York. Haikukosa wasomi wala mtaji. Novemba mwaka huo huo ilifunga duka lake la mtandaoni Tanzania. Wakati huo huo, mama anayeuza kwa picha za WhatsApp, anayelipwa kwa simu na kukabidhi mzigo kwa kondakta anayemfahamu kwa jina, aliendelea kuuza. Anawajua watu wake, nao wanamwamini.

Mtume Paulo alikaa miguuni pa Gamalieli akasoma sheria, na alipofika Korintho alishona mahema kwa mikono yake. Kusoma hakukumzuia kushona, na sindano haikumwondolea usomi. Ninyi mnaowalazimisha watoto wachague kimoja wakitupe kingine, mmeitoa wapi sheria hiyo?

Msimu ukiisha, fungua daftari mbele ya wazazi wako, lisomwe kwa sauti. Kama umeuza na faida inaonekana, jiulize ni nini hasa kinachokuzuia kukua. Ikiwa ni ujuzi, taja ujuzi huo kwa jina, kisha utafute njia fupi kuliko zote ya kuupata. Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Kisangwa kipo hapa hapa Bunda. VETA wapo Musoma. Chuo cha Elimu ya Biashara kina tawi Mwanza, na aliyemaliza kidato cha nne akiwa na sifa anaweza kuanza na astashahada pasipo kungoja digrii. Ikiwa kinachokuzuia ni mtaji, digrii haitaleta mtaji. Jiungeni vijana, mwende halmashauri mkaombe mkopo usio na riba katika ile asilimia 10 ya mapato, ambayo asilimia 4 yake ni ya vijana. Sajili jina la biashara BRELA, chukua namba ya mlipa kodi TRA, tembea mchana.

Kama unataka kutengeneza mifumo yenyewe, siyo kuuza ndani ya mifumo ya wengine, nenda kasome kompyuta au uhandisi, na usione haya kukaa huko miaka mitatu au minne. Kama umepata nafasi na mkopo mwaka huu, usivitupe. Nenda navyo, na daftari lako likiwa ndani ya begi, uuze huko huko bwenini, maana wanafunzi nao huvaa na hula. Na kama msimu umepita hujauza kitu, hakuna laana juu yako. Umejifunza kwa gharama ya madera ishirini jambo ambalo wengine hulijua baada ya kumaliza mtaji wa ukoo. Chagua ufundi, chagua ualimu, chagua pamba, ufanye kwa moyo.

Neno la mwisho kwa wazazi wa mabinti, nami nalisema kwa nguvu zote. Mkoa wetu unajua vizuri jinsi msichana anavyotolewa shule mapema ili akeketwe na kuozwa. Msilifanye neno la biashara ya mtandaoni kuwa kisingizio kipya cha dhambi ya zamani. Sekondari haina mjadala. Serikali imeondoa ada shule za msingi na sekondari, na kidato cha tano na sita tangu mwaka 2022. Tangu Novemba 2021 hata aliyejifungua anaruhusiwa kurudi darasani. Binti amalize kwanza, na swali la chuo mlihesabu kwa daftari lile lile mnalotumia kwa kaka yake.

Mzazi, usiuze ng'ombe kwa ajili ya chuo mpaka mwanao akuoneshe mauzo yake na akutajie ujuzi anaoufuata. Akikuonesha, uza bila kusita. Nawe kijana, usimdai mzazi ada wala mtaji kabla hujafungua daftari. Linauzwa dukani Mugeta kwa bei isiyomshinda mtu. Linunue wiki hii, uandike mauzo ya kwanza, na Jumapili ijayo uje nalo tulisome pamoja.