Haki ya Njia kwa Tusiowajua

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Ama baad:

Ndugu zetu wa Lamu, sisi ni watu wa baraza. Tangu alasiri hata magharibi twaketi madakani, Mkunguni na kando ya Usita wa Mui. Wala si haramu. Masahaba nao waliketi njiani, na Mtume (s.a.w.) alipowakataza walisema hawana budi, kwani ndipo wanapozungumzia mambo yao. Akawaruhusu kwa sharti waipe njia haki yake: kuinamisha macho, kujizuia na kuudhi watu, kurudisha salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu. Wameipokea Bukhari na Muslim, na kila aliyepita chuoni aijua. Twauliza basi: ni nani katika sisi aitimizaye haki hiyo kwa mtu asiyemjua?

Gati la kwanza la bandari mpya lilifunguliwa Kililana Mei 2021, na njiani mwetu sasa wapita Mkamba, Mluo, Mkikuyu, Mpokomo na Msomali, achilia mbali Mbajuni wa Faza na Kizingitini, aliye ndugu yetu wa damu, na bado twamwuliza "wewe ni wa nani?" kabla ya kumwuliza hali. Tangu mauaji ya Mpeketoni ya Juni 2014 wengi wamezoea kumtazama mtu wa bara kwa shaka, naye vivyo hivyo hututazama sisi. Shaka hiyo haitaondoka kwa kununiana.

Tulimwona mchukuzi mmoja akiulizia nyumba aliyotumwa mzigo. Baraza ya kwanza ikamjibu kwa kidevu. Ya pili ikamwambia aulize mbele. Ya tatu ikakicheka Kiswahili chake. Mara akapita Mzungu na mkoba wake, akapata karibu kumi kwa lugha tatu! Hiyo si salamu, ni biashara. Na warudie kusoma Suratu Abasa, waone jinsi Mola alivyomwonya Mtume wake kwa sababu ya kipofu Ibn Ummi Maktum, aliyekuja naye ameshughulika na wakubwa wa Kikureshi.

Wapo wasemao: mpita njia ndiye aanzaye, naye hakutusalimu. Kweli, adabu ni mwenye kupita amsalimu aliyeketi. Lakini Mtume (s.a.w.) alipoulizwa ni lipi lililo bora katika Uislamu, alitaja kulisha chakula na kumsalimu umjuaye na usiyemjua. Imam Malik amepokea katika Muwatta kwamba Ibn Umar (r.a.) alikuwa akienda sokoni, hanunui wala haulizi bei. Tufayl bin Ubayy akamwuliza ana haja gani huko. Ibn Umar akamtania kwanza kwa tumbo lake, maana Tufayl alikuwa mtu wa tumbo, kisha akamweleza kuwa wenda kwa ajili ya salamu tu, wamsalimu kila wakutanaye naye. Mwana wa Umar atoka nyumbani kwake kwa kazi hiyo peke yake, na sisi tulioketi njiani twaona uzito kufungua kinywa.

Wengine husema: huyu si Mwislamu, salamu yetu haimpasi. Ni kweli kwamba katika madhehebu yetu ya Shafi haanziwi kwa assalamu alaikum. Lakini Imam Nawawi katika Al-Adhkar ameeleza kuwa mwenye haja ya kumwamkia asiye Mwislamu amwamkie kwa maneno mengine, kama kumtakia asubuhi ya kheri. Na hiyo si ndiyo sabalkheri yetu? Mzee gani wa Lamu asiyeijua? Fikihi haikutufungia mlango. Tumejifungia wenyewe kwa kiburi cha ukoo.

Habib Saleh naye alikuja mgeni, kutoka Ngazija. (Juu ya matari msikitini tuna maneno yetu, wala si ya leo.) Alikaa Langoni na watu ambao wakuu wa mji hawakuwaona kuwa wa kusomeshwa, akazungumza nao, akawasomesha, na kutoka hapo ikasimama Riyadha, ambayo wanafunzi huijia kutoka mbali.

Katika darsa yetu ya Ijumaa ijayo, baada ya isha, tutasoma mlango wa salamu katika Al-Adhkar. Mwenye jirani mgeni na amchukue waje pamoja, Kiarabu tutakifasiri.