Ni Nani Aliyeshuhudia Umri wa Dunia?

Ndugu msomaji, mtu aambiwapo kwamba dunia ina umri wa miaka bilioni 4.5 na zaidi, huenda akauliza: "Ni nani aliyekuwapo akaihesabu?" Swali hili si la ujinga, maana mwenye akili hakubali neno pasipo shahidi. Lakini yatupasa kulijibu kwa uadilifu. Kama hatukubali ila tuliyoyaona kwa macho yetu, basi hakimu hawezi kumhukumu mwizi aliyeiba usiku, wala hakuna mtu awezaye kusema ni siku gani alizaliwa.

Wako waliojaribu kulijibu zamani. Mwaka 1650 Askofu Mkuu James Ussher wa Ireland alihesabu vizazi vilivyotajwa katika Biblia, akasema dunia iliumbwa mwaka 4004 kabla ya Masihi. Mwaka 1862 mwanachuoni William Thomson, aliyeitwa baadaye Lord Kelvin, alipima jinsi dunia iliyokuwa ya moto ingepoa, akapata kiasi cha miaka milioni 100. Na mwaka 1897 akaipunguza ikawa kati ya milioni 20 na 40. Hesabu yake haikuwa na kosa. Msingi wake ndio uliokuwa na kasoro. Alichukulia kwamba ndani ya dunia hakuna kinachosogea, wala hakuna joto jipya linalozaliwa. Mambo yote mawili hayakuwa hivyo.

Basi shahidi wa kweli ni nani? Ni jiwe lenyewe. Mwaka 1896 Henri Becquerel wa Ufaransa aligundua kwamba madini ya urani hutoa miale pasipo kuchochewa na kitu. Baadaye ikajulikana kwamba urani hugeuka kidogo kidogo, na mwisho wake huwa madini ya risasi. Nusu ya urani ya aina moja hugeuka kwa muda wa miaka bilioni 4.5 hivi, nusu ya aina ya pili kwa miaka milioni 700 hivi.

Sasa fikiri juu ya chembe ngumu iitwayo zirkoni. Inapojiunda katika mwamba ulioyeyuka, hupokea urani ndani yake, lakini risasi huikataa. Kwa hiyo risasi ikutwayo humo baadaye imezaliwa na urani humo humo. Mtaalamu hupima mzazi na mtoto, akajua muda uliopita. Tena, kwa kuwa aina za urani ni mbili, zipo saa mbili ndani ya chembe moja, kila moja na mwendo wake. Zikipatana, ushahidi hukubaliwa. Zisipopatana, hujulikana kwamba chembe imeguswa na joto au maji, na haipokelewi kama ilivyo. Je, si ndivyo tufanyavyo kwa mashahidi wawili waliohojiwa mbali mbali?

Hata katika Tanzania jambo hili limeonekana. Mwaka 1959 Mary Leakey alipata fuvu la kale katika bonde la Olduvai, na mumewe Louis alilikadiria kuwa la miaka 600,000 hivi. Lakini tabaka lile lina majivu ya volkano yenye potasiamu, ambayo sehemu yake hugeuka gesi ya agoni. Volkano inapoyeyusha mawe, gesi ile hutoroka. Yakipoa, gesi mpya hufungwa ndani. Mwaka 1961 kipimo kikaonyesha miaka milioni 1.75. Louis hakung'ang'ania kadirio lake; aliyakubali majibu na kuyatangaza pamoja na waliopima.

Lakini fundisho kubwa kuliko yote lilimpata Clair Patterson wa Marekani. Alitaka kupima risasi iliyomo katika kimondo kilichoanguka Arizona, kwa kuwa vimondo viliumbwa pamoja na dunia na havikuyeyushwa tena kama miamba yetu ya kwanza. Kila alipopima, risasi ilizidi mno. Je, kimondo kilisema uongo? La! Risasi ilitoka hewani, majini, katika vyombo, hata katika nywele na nguo za mpimaji. Ilimchukua miaka kusafisha chumba chake cha kazi. Ndipo mwaka 1956 akatangaza miaka bilioni 4.55, na hesabu hiyo imesimama mpaka leo kwa tofauti ndogo. Kisha akauliza risasi ile hewani ilitoka wapi, akakuta nyingi yake ni ya petroli. Aliipinga kwa miaka mingi ingawa wenye biashara hiyo walimchukia. Nchi ya mwisho kuacha kuiuza kwa magari ilikuwa Algeria, mwaka 2021.

Je, muumini aogope umri huu? Hapana sababu. Kurani Tukufu inatufahamisha kwamba siku kwa Mwenyezi Mungu yaweza kuwa kama miaka elfu ya hesabu yetu, hata elfu hamsini. Aliyeumba mawe ndiye aliyeteremsha neno, na kazi yake haiwezi kulikanusha neno lake. Panapoonekana ugomvi, tuchunguze kwanza ufahamu wetu.

Basi, wewe unayetafuta kweli, kabla ya kusema shahidi amedanganya, tazama mikono yako. Huenda kilichozidi katika mizani ni kile ulichoingia nacho mwenyewe.