Msitu Usio na Kungwi: Upweke na Ukomavu wa Kijana wa Kibera na Kawangware

Jina Kibera linatokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Askari wa Kinubi waliolitumikia jeshi la Uingereza walikaa hapo tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Miti mingi imekwisha, jina limebaki. Je, kijana anayekua peke yake katika msitu huu wa mabati, au katika Kawangware iliyo ng'ambo ya Barabara ya Ngong, ahesabiwe amekomaa kwa kuwa tu hakuangamia?

Katika jando, msitu ulikuwa shule. Mwari alitengwa na mamaye, akalala kumbini, akaonja hofu na maumivu. Hata hivyo upweke wake ulikuwa na mpaka: kungwi alikuwapo, siku ya kutoka ilijulikana, na nyumbani walimngoja. Hadi leo wapo wazazi wa Kibukusu waishio mitaa hii ambao, Agosti ya mwaka unaogawika kwa mbili, huwapeleka wana wao magharibi mwa Kenya kutahiriwa. Kisu kingepatikana hata Nairobi. Wanachokifuata huko ni mashahidi.

Riwaya ya Meja Mwangi, Kill Me Quick (1973), inalidhihirisha pengo hili ingawa haisimulii mitaa hii miwili. Meja na Maina wanafika mjini na vyeti vyao vya shule, wanalala vichochoroni, wanaishia gerezani. Ni kisa cha umaskini, naam; lakini jeraha lake kuu limo katika kurejea, kwani kila mmoja hujaribu kurudi kwao na marejeo hayo huvunjika. Kongowea wa Siku Njema (1996) ya Ken Walibora naye hutoka Tanga akiwa yatima wa mama, akahangaika hadi Kenya. Ila mwisho wa njia yuko baba wa kumtambua.

Kwa hiyo sifa ya ustahimilivu, ambayo vijana wa mitaa hii hutunukiwa kwa wingi, ina walakini. Anayemsifu mtoto wa miaka 15 kwa kujilea huenda anamsamehe mtu mzima aliyepaswa kumlea. Itapingwa kwamba kijana huyo hayuko peke yake: ana maskani, ana timu ya kandanda, ana Sheng, lugha ya siri kama zilivyokuwa nyimbo za kumbi. Hoja hii ina uzito. Lakini wari wa kumbi moja hawakuwa makungwi wao kwa wao.

Na palipokuwa na mlango wa utu uzima, uliwekewa mlinzi. Kwa miaka mingi kijana wa Kinubi wa Kibera alipotimiza miaka 18 alihojiwa na kamati kabla ya kupewa kitambulisho, athibitishe kuwa ni Mkenya. Mwaka 2011 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki za watoto wa Kinubi. Babu zao ndio walioupa msitu huo jina.