Je, Mwalimu Aliyeacha Chaki Ana Lawama?

Tarehe 11 Machi, 2020, Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ugonjwa wa korona umekuwa janga la ulimwengu mzima. Kabla ya mwezi huo kwisha, milango ya shule ilikuwa imekwisha kufungwa katika Tanzania, Kenya na Uganda. Kwetu Tanzania ilifunguliwa yote kufikia 29 Juni mwaka ule ule, na huko Kenya wanafunzi walio wengi walirudi Januari 2021. Lakini Uganda madarasa machache yalifunguliwa, yakafungwa tena Juni 2021, wala shule hazikufunguliwa kwa watoto wote mpaka tarehe 10 Januari, 2022. Mengi yamesemwa juu ya hasara waliyoipata watoto hao, wapatao milioni 15. Sisi hapa twataka kuuliza swali juu ya waalimu wao.

Rafiki yangu mmoja, mkazi wa Jinja, alikuwa amefundisha hesabu kwa miaka kumi na mmoja katika shule ya mtu binafsi. Waalimu wa serikali waliendelea kupata mishahara yao ingawa shule zilifungwa. Yeye alipewa nusu mshahara mwezi wa kwanza, na baada ya hapo hakupewa kitu. Akauza baiskeli yake, akanunua jiko la mkaa, akaanza kukaanga kando ya barabara chapati za kukunjwa na mayai, ambazo Waganda huziita rolex. Mwanzoni alivuta kofia usoni kila walipopita wazazi wa wanafunzi wake; baadaye haya ikamtoka. Shule zilipofunguliwa, mwenye shule alimwita arudi, naye akakataa. Hapo ndipo wazazi walipoanza kumwita msaliti. Je, wana haki?

Wanaomtetea husema kwamba janga lilimfumbua macho, na kwamba kila mtu alijifunza kuitazama upya kazi yake na kuchagua maisha yanayompendeza. Maneno haya hutamkwa kwa wepesi zaidi na wale ambao mishahara yao haikukatika. Rafiki yangu hakuchagua. Alisukumwa na njaa. Basi utetezi huu haumfai.

Wanaomlaumu wanayo hoja yenye nguvu zaidi. Wanasema ualimu si sawa na kuuza chapati. Aliyeushika amefunga ahadi, na ahadi haivunjwi kwa sababu ya dhiki. Ni kweli kwamba dini yetu inaamrisha kutimiza ahadi. Lakini ahadi ya kazi ina pande mbili, na agizo la Mtume (s.a.w.) juu ya jasho la mfanyakazi linajulikana na kila Mwislamu. Aliyeacha kulipa ndiye aliyetangulia kuivunja.

Pengine mtu atauliza: Je, mwenye shule angelipa kwa fedha gani? Swali hili ni la haki. Shule ile iliishi kwa ada, na wazazi hawakulipa ada kwa shule iliyofungwa. Wengi wao nao walikuwa wamepoteza riziki, maana magari ya abiria yalisimamishwa na maduka mengi yakafungwa. Ukimtafuta mdaiwa kutoka mlango hadi mlango, hutakuta mwovu hata mmoja, ila watu waliobanwa. Hata hivyo deni lipo. Shule zilifungwa kwa ajili ya usalama wa wote, na hasa wazee na wagonjwa. Mzigo uliobebwa kwa faida ya wote ulipaswa kugawanywa kwa wote, nao ukatua juu ya migongo ya wachache. Kwa maoni yangu, jamii iliyomwacha mtu bila mshahara kwa zaidi ya miezi ishirini haina haki ya kumdai uaminifu kabla ya kumlipa, au angalau kumwomba radhi. Wazazi wale hawakumwomba radhi, walimletea lawama.

Je, amekuwa huru kabisa, basi? La. Mtoto hakuvunja ahadi yoyote. Mkataba baina ya mwalimu na mwenye shule ulikufa mwaka 2020. Lakini elimu aliyo nayo ni amana kutoka kwa Mwenyezi Mungu, ambayo haikuandikwa katika karatasi ya mwenye shule wala haikufutwa pamoja nayo. Si lazima amana hiyo irudishwe darasani, lakini yapaswa kurudishwa kwa njia fulani.

Nilimwandikia hayo mwaka 2022, nikidhani nimelimaliza shauri. Akanijibu kwa swali. Kijana anayemkandia unga, alisema, alikuwa mwanafunzi wake wa darasa la sita shule zilipofungwa. Baba yake alipoteza kazi, na sasa ujira wa kijana ndio unaowalisha wadogo zake. Hakurudi shuleni pamoja na wenzake. "Nikimwondoa arudi darasani, wadogo zake watakula nini? Nami nikimweka, nitakuwa nani kwake, mwalimu au tajiri?"

Ilinichukua majuma mawili kumjibu. Nilimshauri amfanyishe kazi asubuhi tu, ampe ujira ule ule, na jioni amfundishe mwenyewe mpaka afanye mtihani wa darasa la saba. Akaniandikia kwamba wateja wengi huja jioni, lakini atajaribu.